Mkuu wa Familia kwenye Kadi Nyekundu

9 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Napenda kukutangazia rasmi kwamba jana jioni, sebuleni, mbele ya cherehani na chungu kitupu, nyumba hii ilipiga kura kuchagua shirika la ndege. Wapiga kura walikuwa Mama, mjomba na mimi. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda ndege. Mjomba amewahi kupiga picha na moja, lakini hiyo ilikuwa imechorwa kwenye ukuta wa studio.

Kabla sijafika mbali: salamu zako na za wifi zimefika na zimegawanywa, kila mtu kapata chake. Sisi wazima, isipokuwa macho ya Mama, na hayo ndiyo yaliyonikalisha niandike. Daktari amerudia maneno yake, safari hii polepole, kama mtu anayerudisha chenji: presha ya macho ikishaharibu, imeharibu. Sasa hivi Mama anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Katikati kuna kitu, pembeni hakuna. Na tundu lenyewe linaziba. Daktari hadhani litafika mwisho wa mwaka.

Anachotaka unakijua. Uso wako wa kwenye simu anasema ni mdogo kama kifungo cha shati, na yeye hakuzaa kifungo. Anataka akushike mashavu, akusogeze pale kwenye tundu, akuone. Tiketi ya kununua tulishaizika zamani. Zimebaki pointi zako tu, hizo unazopewa na mashirika ya ndege kwa kurushwa mji hadi mji kutengeneza lifti za watu, ambazo zikitimia zinageuka tiketi.

Kura zilikuwa hivi. Mjomba: Kadi Nyekundu, kwa sababu mkia wa ndege zao unapendeza. Mimi: Kadi ya Bluu, kwa sababu masharti yao niliyasoma yakaisha; ya Nyekundu niliyasoma nikaisha mimi. Mama hakutaja rangi. Alisema, "Ile itakayomleta kwanza."

Haya, mwenye kadi zote mbili ni wewe. Ni ipi hiyo?

Dada yako

21 Machi

Dada,

Shikamoo, na nyingine mpelekee Mama. Huku hatujambo. Mgongo tu ndio unalalamika, maana wiki nzima nimeshinda kwenye shimo la lifti nimekunjwa kama kitambaa chako.

Nimepiga hesabu mpaka mke wangu akanificha kalamu. Pointi za Bluu hazifi, hata ukizisahau zinakungoja. Lakini kila abiria na zake, hakuna kuchangiana, na mimi peke yangu sitazitimiza kabla ya mwakani. Za Nyekundu hufa zikikaa sana, ila wanaruhusu familia kuweka kwenye kapu moja. Wifi yako hupata za Nyekundu kila anaponunua vitu kwa kadi ya benki. Tuna pointi za unga na sabuni ambazo hata hatukujua tunazo. Nikihamishia humo na zangu za Bluu, nafika Agosti. Wanakata theluthi njiani, na zikishahama hazirudi. Nimekubali. Mama kasema ile itakayonileta kwanza.

Kwa hiyo ni Nyekundu, na nimeshahamisha. Walitaka jina la mkuu wa familia, mwenye kapu. Wifi yako akasema, "Jiandike wewe, si ndiye unayesafiri?" Nikamwambia, "Mama yangu yu hai, mimi nijiandike mkuu? Mkuu wa nani?" Nimemwandika Mama, na picha ya kitambulisho chake nikaiweka. Namba ni ya simu ile unayomshikia.

Mwambie. Atafurahi.

Mdogo wako

4 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na mgongo wako tumeupa pole.

Kufurahi ni neno dogo. Tangu nimsomee barua yako ya kwenye simu hatupumui humu ndani. Jana mjomba aliomba chai ya pili akajibiwa na Mama, "Mkuu wa familia hajaamua." Mama ameniuliza kama sasa anaweza kuamrisha ndege isimame hapa nje. Nimemwambia masharti hayo bado nayasoma.

Lakini nikuambie na hili, maana kesho nitajifanya nimelisahau. Unajua Mama ndiye anayenisaidia kupinda nguo za wateja. Juzi alipinda gauni la bibi harusi, pindo zuri, limenyooka, mkono haujasahau. Alipoinuka, gauni likainuka naye. Alikuwa amelishona pamoja na nguo aliyovaa. Tulicheka wote, na yeye alicheka kutuzidi. Kisha akaacha kucheka, akakaa, akaomba mkasi.

Usingoje ofa. Usingoje kiti cha dirishani. Hata wakikuweka na mizigo, njoo.

Dada yako

30 Juni

Dada,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya, na najua umenitukana kwa adabu. Nilikuwa nachukua kila safari ambayo wenzangu waliikataa. Nimelala kwenye viti vya viwanja vya ndege mpaka wafagiaji wananisalimia, "Fundi, leo tena?"

Sasa sikiliza. Pointi zimetimia! Kiti nimekipata, tarehe tisa Agosti. Wamenishikia mpaka Julai nne.

Limebaki jambo dogo. Ili kapu lifunguliwe, mkuu wa familia athibitishe kwa uso wake. Ni kitu cha dakika moja. Unamshikia Mama simu mbele, inatokea nukta ya kijani, inatembea kwenye pembe za kioo, naye anaifuata kwa macho. Basi, wanajua ni mtu na si picha, wananipa tiketi.

Mfanyieni leo leo. Nimeshamwambia bosi nasafiri.

Mdogo wako

1 Julai

Mdogo wangu,

Salamu utanisamehe.

Nilimshikia simu. Nukta ikatokea katikati, Mama akasema, "Hii hapa, naiona!" Kisha ikaenda pembeni.

"Imekwenda wapi?"

"Kushoto, Mama."

"Kushoto kwangu au kushoto kwa simu?"

Mjomba akaingilia, "Fuata kidole changu, shemeji—" Shemeji! Amechanganyikiwa, dada yake wa tumbo moja anamwita shemeji. Simu ikasema imeona watu wawili. Nikaipeleka mbali ili kioo chote kiingie kwenye tundu lake. Ikasema msogee karibu. Nikamgeuza kichwa taratibu kwa mikono. Ikasema kichwa kisitikisike. Nikaweka uso wangu mwenyewe. Watu wote wanasema tumefanana, simu imekataa. Halafu ikajifunga, tujaribu kesho.

Mama anauliza kama amekosea. Nimemwambia mtandao ni mbaya.

Mtoe kwenye huo ukuu. Jiandike wewe, mwandike wifi, mwandike hata lifti. Leo.

Dada yako

2 Julai

Dada,

Nimewapigia hao wa Kadi Nyekundu. Muziki wao wa kungojea sasa naujua wote.

Kumwondoa mkuu wa familia kunawezekana, mkuu mwenyewe akikubali. Anakubalije? Kwa nukta. Nikaomba pointi za Bluu zirudi. Zilishahama, hazirudi. Nikamwambia dada aliyepokea simu yao, "Mama yangu haoni." Dada, lile neno sijawahi kulitamka. Akasema pole sana, tena kwa sauti ya mtu kabisa. Akasema ipo njia nyingine kwa wenye shida ya macho: mkuu asome mwenyewe tarakimu zinazopita kwenye kioo. Au afike ofisini. Nikauliza ofisi iliyo karibu nanyi ni ipi. Ni hii ya huku kwangu. Inafikika kwa ndege.

Bosi anasema Agosti ikipita hanipi likizo tena.

Nakuomba. Jaribu juani. Jaribu gizani. Azima simu nyingine. Mwambie asiitafute nukta, anitafute mimi, mwambie ninayetembea mle ndani ni mimi. Nimefikiria kila kitu, Dada, sina kingine.

Mdogo wako

4 Julai

Mdogo wangu,

Nimemwambia hivyo hivyo.

Tulijaribu uani kwenye jua, tukajaribu chumbani na pazia limefungwa. Simu ya fundi viatu nayo tuliiazima. Jaribio la mwisho Mama aliomba nimchane nywele kwanza. Akakaa wima kwenye kiti changu cha cherehani, mikono magotini. Akasema, "Mwache aje."

Nikainua simu mbele yake. Macho yakaanza kutembea, taratibu, kwa uhakika. Yalikwenda kushoto, yakapanda, yakavuka juu, yakashuka kulia, hayakuruka hata pembe moja. Alikuwa anatabasamu. Mjomba akapiga kelele, "Amempata! Amempata!"

Nilikuwa bado sijaiwasha simu.

Dada yako