Ukanda wa Ngozi Mbichi

Jumatatu, 4 Juni 1951
Wewe mwanamke, najiuliza mwenyewe, ulikuwa wapi? Tangu Pasaka hujaligusa daftari hili. Katekista alijichosha kukufundisha herufi uzeeni, nawe unawatunzia panya karatasi. Haya, andika.
Jana tulichinja mbuzi. Leo nimekata majani ya ng'ombe, nimemenya ndizi. Kisha Filomena, mjukuu wangu niliyemlea tangu mama yake afariki, ameteleza mferejini na mkungu wa ndizi kichwani. Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti. Nimeunyoosha mwenyewe. Fito nne, juu yake ukanda wa ngozi mbichi ya mbuzi, kama ninavyofunga mpini wa jembe. Ngozi ikikauka hukaza. Nimemlaza karibu na moto ikauke upesi.

Jumanne, 5 Juni
Amelia kutwa. "Bibi, panabana." Nikamwambia aache kudeka, mimi nimezaa saba bila kelele. Nimemnywesha mtori wa ndizi. Vidole vya mguu baridi. Nikavifunika blanketi. Basi.

Jumatano, 6 Juni
Nimemfinya kidole, hasikii. Majirani wamembeba kwa machela mpaka barabarani, lori la ndizi likatushusha Moshi. Dresa, yule mfunga vidonda wa hospitali, akaikata ngozi kwa mkasi. Akautazama mguu, akanitazama mimi.
"Bibi, huu si mpini wa jembe."
Daktari amempasua mguu, ngozi na utando wa chini yake, nyama ipate nafasi.

Ijumaa, 8 Juni
Nimemtaka dresa aniambie ukweli. Akanieleza kwa mbuzi, maana mbuzi namjua. Ule utando mweupe ninaouchuna na kumtupia mbwa si takataka. Ndio unaoshika nyuzi za nyama zivute pamoja, na mwishoni hushikana na kano, kano ikauvuta mfupa. Ila hautanuki. Katikati ya nyuzi hupita mishipa ya damu, mingine myembamba kuliko unywele, inazilisha. Mguu ulivimba ndani, mimi nikabana nje. Damu ikakosa njia.
Zamu yetu ya maji ya mfereji ikipita, mgomba unangoja kesho. Nyama haingoji. Mimi nimeingojesha siku nzima na zaidi.
Wametoa nyama iliyokufa, upande wa mbele, ile ya kuinua wayo. Mguu utabaki. Kutembea, hawajui.

Jumapili, 17 Juni
Nimeungama. Padri amenisamehe upesi mno, sikuridhika. Nikaenda kwa Filomena mwenyewe. "Uliniambia panabana, nikakuita mdekaji. Mguu wako nimeuharibu mimi."
Akachungulia kikapu changu.
"Bibi, leo umeniletea mtori au ukanda?"
Wodi nzima ikacheka. Mimi nikajifunika kanga, nikalia. Nilistahili kutukanwa.

Jumamosi, 30 Juni
Nimerudi nyumbani Mwika kuchukua ndizi. Jana hospitalini niliushika wayo wa Filomena kiganjani. Una joto. Nikamwambia auinue. Hakuna. Tena. Hakuna. Mara ya tatu kano ya kidole gumba ikatikisika chini ya ngozi, kidogo tu, ikatulia. Dresa anasema nyama iliyobaki inapata damu, ikizoezwa itapata nguvu.
Ukanda nimeuzika nyuma ya zizi.
Ukilifungua tena daftari hili, usianze na mbuzi wala ndizi. Mguse kwanza vidole. Andika kama vina joto. Halafu andika kama vimeinuka.