Kufuli za Mjomba

Shoga, weka kazi chini usome hii.

Unakumbuka zile nyumba mbili zilipovunjwa na wezi mwezi uliopita, mjomba akajitwika uenyekiti wa usalama mtaani? Alinunua boksi zima la kufuli, akazigawa kwa milango kumi na miwili. Akaapa mwizi atakiona cha mtema kuni.

Leo mchana katoka dukani kwake, ufunguo kaupoteza. Kasimama mlangoni kwa nyumba yake anajipapasa mifuko.

Jirani yake, yule fundi cherehani, akamtania, "Jaribu wangu, Mwenyekiti."

Kufuli ikafunguka.

Shoga, ikafunguka. Kwa ufunguo wa fundi cherehani.

Mjomba akaifunga, akajaribu tena. Ikafunguka tena. Jasho likamtoka. Majirani wakaupitisha ufunguo ule ule mlango hadi mlango, na yote kumi na miwili ikafunguka.

"Kumbe sote tunaishi nyumba moja," fundi cherehani akasema.

Sasa hivi kila mtu kaketi kizingitini kwake, anamchunga mwenzake. Na mjomba, uso mkavu kabisa, anapita akiwaambia, "Si niliwaambia wizi utakoma? Haya, nani ataiba, na wote mko mlangoni?"