Kelele za Mpunga

Jumanne, 10 Juni 2025
Bartolomayo, mlinzi wa dishi letu la Bahi, kaleta grafu. Kidato cha nne, mwandiko wa kuku — na anajiita mwanasayansi msaidizi. Eti mawimbi ya redio ya galaksi yangu yamepanda siku tatu mfululizo, Jumamosi hadi jana. Galaksi gani! Ni mashine ya kukoboa mpunga jirani na dishi; mota yake huchafua redio. Miaka miwili ananiletea kelele za mpunga.

Jumatano, 11 Juni
Kapiga simu. Eti mashine ilifungwa siku zote tatu, kulikuwa na msiba. Hakosi hadithi. Diski ya Bahi imejaa. Nimemwambia afute data za hizo siku. "Sawa, Dokta." Angalau kutii anajua.

Jumatatu, 16 Juni
Kikao. Fredy, mkuu wa idara, kauliza tena: miale ya gamma ya galaksi hiyo inatoka wapi — karibu na shimo jeusi, au mbali, kwenye gesi linayoitema? Nimemweleza kama mtoto: redio ikitangulia gamma, ni mbali. Tunasubiri ilipuke. Akasema mwisho wa mwezi dishi linafungwa. Mjinga mwenye muhuri.

Ijumaa, 20 Juni
Taarifa ya setilaiti. Galaksi yangu imelipuka kwa gamma — kuanzia tarehe 11.

Redio ilipanda tarehe 7.

Mashine haikoboi usiku. Ule mstari ulipanda usiku na mchana, nikauona, nikacheka. Na grafu ya karatasi bila data zake ni ya kufungia vitumbua.

Nimempigia Bartolomayo. Ulifuta? Akaniambia, taratibu: ule msiba ulikuwa wa mama yake mzazi.

Sikuwahi kuuliza ni wa nani.

Jumamosi, 21 Juni
Bahi. Nimekaa mkekani uani kwake, na sukari kilo mbili. Naandika kwenye simu, chini ya kanga. Shangazi yake, Ursula, kanisimulia marehemu alivyougua, na jinsi kijana alivyokuwa akitoka msibani kila baada ya saa chache, kwenda kuangalia "mtambo wa Dokta". Nimesema pole. Imenitoka kwa shida, na naona aibu.

Bartolomayo hajataja diski. Nami nimeuma ulimi, kwa mara ya kwanza mwaka huu. Sasa kaingia ndani. Anatafuta kitu; naomba iwe diski.

Anatoka. Ana sahani ya wali.

"Kula kwanza, Dokta."