Suruali ya Harusi Imegoma Pajani

We, acha kila kitu usome hii. Niko kwa fundi cherehani, nyuma ya pazia, na suruali ya harusi imeniganda paja la kulia. Haipandi, haishuki.

Fundi alipima mguu mmoja tu! MMOJA! Eti, "Kwani miguu si mapacha?" Na akapima wa kushoto, ule mwembamba.

Usicheke. Najua ulinionya kila tukipanda kilima, "Unaendesha baiskeli kwa mguu mmoja, huo mwingine abiria." Haya, abiria kaingia kwenye suruali bila tabu. Dereva ndiye kakwama.

Afadhali ingeishia hapo. Shangazi wa mchumba wangu, yule muuguzi, kanisindikiza. Kasikia nahangaika, kafunua pazia! Kaitazama miguu yangu weee, halafu kwa sauti ya wodini, "Mwanangu, huu mwembamba umepooza tangu lini?"

UMEPOOZA!

Nikamwambia, "Shangazi, ni baiskeli tu." Akajibu, "Wote husema hivyo." Wote akina nani?!

Sasa anaongea na mama mkwe kwenye simu. Nasikia, "Ndiyo, mmoja... hapana, kuhusu watoto sijui."

Niletee kaptula yangu ya baiskeli, ile inayovutika. Kimbia!

Ngoja, fundi kaja na mkasi. Kauliza, "Nichane mguu upi?"

Shangazi kamjibu kabla sijafungua mdomo: "Usichane. Mama mkwe wake yuko njiani, aje aone mwenyewe."