Katrel ya Baba Imewaka, Njaka

Mwaka umetimia, Njaka, tangu asubuhi ile moyo wako ulipogoma mlangoni pa gereji yako hapa Antsirabe, kikombe cha maji ya ukoko wa wali kikiwa bado mkononi. Hukuaga. Wewe uliyekuwa ukiomba radhi hata kabla ya kufungua nati, uliondoka bila kusema "samahanini, natangulia." Tulikununia kwa hilo, na bado tunakununia kidogo.

Anayeandika ni dada yako Hasina, kwa niaba ya nyumba nzima. Unanijua, mambo ya kuzungukazunguka siyawezi. Nitasema ulivyokuwa, kisha nitakupa habari, maana safari hii tuna habari ya kukupa.

Ulikuwa mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Gari lililokataliwa na mafundi wengine lilisukumwa hadi kwako, nawe ulilizunguka kwanza ukiligusagusa, kama anayemtuliza ng'ombe mgeni. Mwenye gari akilalamika, ulimwambia, "Tulia, bwana. Hili halijafa, limekasirika tu." Mara nyingi ilikuwa kweli. Mara chache ulikosea, na hapo ulijifungia gereji siku nzima hata Mama akaogopa kukuita chakulani.

Ulipoanza kujirekodi kwa simu ukitengeneza magari, tulicheka. Nani atakaa kumtazama mtu akibadilisha breki? Kumbe wapo. Walikutazama Toamasina, walikutazama Mahajanga, walikutazama Wamalagasi walioko ng'ambo ambao hata gari hawana. Na kila video ilianza vilevile. Kama msemaji wa posa aliyesimama mbele ya ukoo wa bibi harusi, ulivua kofia na kuomba radhi: kwa wazee kwa kuwa umesema mbele yao, kwa kaka zako kwa kuwa umewatangulia, kwa mafundi walio bora kuliko wewe, kwa waliokwisha lala makaburini na kwa watakaozaliwa. Kisha ndipo ulipofungua nati ya gurudumu. Watazamaji wakakuandikia, "Fundi, tumeshakusamehe tangu wiki iliyopita, fungua hiyo nati!" Ukawajibu mmoja mmoja kwamba asiyeomba radhi ni kama aliyeingia nyumba ya watu na matope miguuni.

Halafu ikaja droni. Uliinunua ikiwa kuukuu kwa mpiga picha wa harusi, bawa moja limeungwa kwa gundi, na Mama akaiita Nyigu. Kila Jumapili ulipakia Nyigu kwenye katrel, kile kigari cha Renault cha rangi ya maziwa alichotuachia Baba, ukapanda nayo milima ya Betafo. Watu walio mbali na kwao walikuomba: nionyeshe shamba letu la mpunga, nionyeshe paa la nyumba ya bibi yangu. Uliwaonyesha wote. Ila mmoja alipotaka upite juu ya kaburi la ukoo wake, ulikataa. "Kaburi halinyooshewi kidole, sembuse kamera." Ukaigeuza Nyigu pembeni, kama sisi tunavyokunja kidole tukielekeza makaburini, na yule mtu akakuandikia kwamba alilia, tena kwa furaha.

Na video za angani nazo zilikuwa na mwanzo wake wa kuudhi. Katrel ikishafika juu ilikuwa imechemka, kwa hiyo ulifungua boneti ipoe. Ukaiweka Nyigu juu ya paa la gari, ukairusha kamera ikiwa bado inatazama chini. Basi kabla ya mtu kuona mpunga wala mlima, aliona kwanza matumbo ya katrel: injini, betri, waya, tambara lako lenye mafuta. Mkeo Volatiana, aliyeshika simu video zote bila yeye mwenyewe kuonekana hata mara moja, alikwambia, "Kata hicho kipande, unatutia aibu." Ulimjibu, "Acha waone gari lililowaleta."

Shika hapo, Njaka, nitaparudia.

Wiki yako ya mwisho uliifungua injini ya katrel yote, ukiwafundisha watazamaji hatua kwa hatua. Ulisafisha, ukabadilisha vilivyochoka, ukaanza kurudisha. Katika video ya mwisho ulikuwa umebakiza waya za plagi tu, zile nne ambazo Baba alizinunua mmoja mmoja, kila mmoja na rangi yake. Uliomba radhi kirefu kuliko siku zote. Uliwataja hadi wahunzi wa zamani. Volatiana akasikika nyuma ya simu, "Baba Faniry, chaji inaisha." Wewe ukaendelea na wahunzi. Kisha ukainama kwenye injini, ukashika waya uliofungwa utepe, ukasema, "Na huu wa manjano unakwenda..." Simu ikazima.

Ukacheka. Ukasema utamalizia kesho.

Baada ya kukuzika, katrel ilibaki uani na zile waya zikining'inia. Mjomba Ralambo alishauri iuzwe kama chuma chakavu. Mama hakupaza sauti. Alimwambia, "Ndugu yangu, mwaka wa Njaka ukifika nitakwenda kumsalimu kaburini kwa gari la baba yake. Lisipowaka, siendi." Unamjua mama yetu akishasema. Tulijaribu kumlainisha: Mama, tutakodi gari zuri lenye viti laini. Akasema viti laini tukalie sisi.

Hapo mkeo akavaa ovaroli yako, akakunja mikono mara tatu, akaanza kutazama video zako upya, safari hii akiwa mbele ya injini badala ya nyuma ya simu. Alikaza kila ulichoacha kimelegea. Tatizo likabaki moja, waya. Watazamaji wako wote walitaka kusaidia, kila mmoja na mpangilio wake wa kwenye vitabu, lakini distributa ya katrel, kile kifaa kinachozigawia plagi umeme, haikuwa ya katrel. Baba aliing'oa kwenye gari jingine zamani, na hakuna aliyejua ni gari gani. Tulipanga hivi, tukapanga vile. Gari lilikohoa, likapiga kishindo kwenye kabureta, likanyamaza. Mwishowe stata ikaanza kunuka kuungua. Volatiana akaweka spana chini akasema, "Tukiendelea tutaiua." Aliingia ndani, akajifunga lamba lake, ile shuka ya kujitanda, hadi kichwani, hakula.

Siku ya kumbukumbu ilikuwa imekaribia. Mama alishaanza kusema hana shida, atakuombea akiwa nyumbani, na alivyosema ndivyo alivyozidi kunyong'onyea. Njaka, tulishindwa. Nasema wazi, tulikuwa tumeshindwa.

Ndipo ulipofika ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja wa Mahajanga, Zafisoa, mfumaji wa vitambaa. Faniry, binti yako, akaufungulia wote tusikie.

"Wanangu, mnisamehe, mimi mambo ya magari siyajui na sitaki kuyajua. Mimi natazama zile za angani, kwa ajili ya mpunga. Lakini rangi za nyuzi hazinipiti. Kila video ya marehemu inaanza na injini, na zile waya nimeziona mpaka nimezizoea. Kwenye picha mliyoweka jana mmekosea. Wa manjano unakaa upande wa rejeta. Nyekundu unaufuata, kuelekea kwenye betri. Ninyi wa manjano mmeupeleka kwa dereva, unatafuta nini kwa dereva?"

Tulitazamana. Halafu tukakimbilia simu zetu kama watoto waliosikia muuza vitumbua. Jumapili baada ya Jumapili, video baada ya video, injini ilikuwepo pale pale mwanzoni: boneti wazi, waya zote nne, kila mmoja mahali pake, mchana kweupe. Kipande ambacho sote tulikuwa tukikiruka. Volatiana alikaa chini sakafuni akacheka na kulia kwa pamoja. "Angenisikiliza akakikata!" alisema. "Mungu wangu, angenisikiliza!"

Asubuhi iliyofuata alipanga waya kama ulivyozipanga wewe. Akatugeukia. "Mama, njoo ugeuze ufunguo mwenyewe." Mama akaketi, akageuza. Katrel ilikohoa mara moja, ikatingishika, ikawaka! Ikawaka, Njaka, ikanguruma vile vile kama siku za Baba, na moshi wake ukajaa ua mzima. Wavuta riksha wa barabarani walishangilia bila kujua wanashangilia nini. Mjomba Ralambo alivua kofia, akaishika kifuani, akasema, "Nakiomba radhi chuma hiki." Hatujawahi kumsikia akiomba radhi kwa ufupi namna hiyo.

Basi jana tulikuja kwako Betafo. Mama mbele, lamba jeupe begani, hataki kushikwa mkono. Mjomba nyuma, kapu la vitumbua mapajani, akilia na kila shimo la barabara. Kwenye mlima wa mwisho pikipiki zilitupita na wenyewe wakatupungia. Mama naye aliwapungia kama malkia, akatuambia, "Waacheni. Sisi hatuna haraka, sisi tumewaka." Tulifika. Mama alikaa nawe peke yake kwanza, mliyoongea ni yenu.

Kisha Volatiana akafungua boneti ipoe, akampa Faniry simu, akasimama mbele ya kamera kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ovaroli yako bado inamzidi. Akavua kofia. Akaomba radhi kwa wazee, kwa mafundi, kwa kaka na dada, kwa waliolala na watakaozaliwa, na kwa mama Zafisoa wa Mahajanga. Alipotaka kukatisha, Mama alimwambia kutoka ndani ya gari, "Endelea, mwanangu. Usimfupishie."

Akaendelea. Wahunzi wa zamani nao akawataja. Alipomaliza, Nyigu ilipaa kutoka juu ya paa la gari, ikaonyesha kwanza injini, kisha sisi, kisha mpunga wote wa Betafo, na ilipofika kwako ikageuka pembeni kwa adabu.

Wanaokukumbuka ni mama yako Rasoanirina, mkeo Volatiana, binti yako Faniry, mjomba wako Ralambo ambaye sasa ndiye anayeiosha katrel kila Jumamosi, mimi dada yako, na watu wa mbali wanaokuita Fundi bila kuwahi kukushika mkono. Katika nyumba hii hutasahauliwa, Njaka, maadamu kuna mmoja wetu mwenye pumzi.

Na ile sentensi yako imemalizika. Volatiana aliinama kwenye injini mbele ya watazamaji wako wote, simu ikiwa na chaji tele, akashika waya uliofungwa utepe.

"Na huu wa manjano," alisema, "unakwenda hapa."