Mgagani wa Nyuma ya Nyumba

Uyole, Mbeya
14 Machi

Kaka yangu Shija,

Nakusalimu sana. Naomba barua hii ikukute mzima huko Chunya, na kile kifua cha vumbi la machimbo kiwe kimepoa. Huku mvua bado zipo. Mama anakula, anatembea, na ameanza tena kulalamikia baridi ya Uyole, kwa hiyo ujue amepona.

Naandika kwa sababu kwa simu nimejaribu mara mbili, nikaishia kukuuliza habari za kazi.

Unakumbuka mbegu za mgagani alizokuja nazo mama kutoka Usangu. Majirani walisema hautaota kwenye baridi hii, ukaota. Aliyeutunza ni wifi Violet. Harufu yake ilimshinda, hata kuuonja hakuweza, lakini alijifunza kuuchemsha, kumwaga yale maji machungu na kuuunga kwa maziwa kama mama anavyopenda.

Ile Jumanne mama alipokula, alitapika, akatoka jasho, mate yakamjaa mdomoni. Zahanati walisema ni sumu. Alipopata nafuu akauliza kwa nini mkwe wake alipika mboga asiyoila mwenyewe. Nilikuwepo, nikanyamaza. Ndipo wewe ukampigia Violet kwa hasira, ukamwambia arudi kwao Igowole. Nilimsindikiza stendi. Nilimbebea na begi, kaka.

Aliyetia sumu ni mimi. Jumatatu niliona wadudu kwenye majani, nikachukua dawa iliyobaki ya nyanya nikapulizia. Muuza dawa alikuwa ameniambia kisichumwe kitu mpaka wiki ipite. Nilipanga kumwambia Violet jioni, nikarudi sokoni nimechoka, nikasahau. Hapo nilisahau. Lakini kule zahanati sikuwa nimesahau. Niliogopa, nikaona heri asemwe yeye wa kuja kuliko mimi wa kuzaliwa.

Jumapili iliyopita nilikwenda Igowole. Violet alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama mama anajua. Nikasema bado. Akasema, “Basi umekuja kutua mzigo wako kwangu.”

Kesho yake nilimweleza mama. Hakunigombeza, na hilo limeniuma kuliko kupigwa. Alivaa khanga zake nzuri, akaniambia nimpeleke. Tulipofika alimshika Violet mikono yote miwili mbele ya wazazi wake, akaomba radhi, mtu mzima yule, kwa kosa langu.

Violet amemsamehe mama. Mimi alinikaribisha chakula, zaidi ya hapo sidai. Lakini kurudi amekataa. Alisema sisi tumefika kwa miguu yetu, ila aliyemfukuza kwa simu hajafika.

Mama anakusalimu, na Nashoni jirani pia. Ukinikasirikia nitaelewa, ila nenda Igowole kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Minza