Majani ya Tambuu Niliyoyaficha

Mjukuu wangu Nakato,

Kampala haijapata kuzaa kichwa kama cha babu yako, na niliishia darasa la sita tu! Mimi mzima, ila nyumba imenyamaza tangu bibi yako atutoke.

Unauliza nani alinifundisha kusoma. Ni mwalimu mkuu wetu baada ya vita vya 1979, Msinhala wa Sri Lanka, aliyekula peke yake ofisini kila mchana. Aliniambia kwao mwanafunzi humuaga mwalimu kwa kupiga magoti, akimpa majani ya tambuu.

“Ssebo, bwana wangu, nitakuletea gunia!” nikajitapa.

Siku ya kuondoka kwake niliyanunua kweli. Getini wenzangu wakanicheka: “Wewe! Utampigia Muhindi magoti?”

Nikayaficha mfukoni, nikampa mkono. Akautazama ule mkono mtupu, akatabasamu, akapanda gari.

Majani yalinikaukia mfukoni, mjukuu wangu.